Madini Yaliyovuja

Tangu asubuhi Fundi Nelson alikuwa akigombana na ile pikipiki, na kwa matusi aliyoimiminia ungedhani imemchumbia binti yake halafu ikaingia mitini.

“Afande, hii siyo pikipiki, huu ni uchawi,” alimwambia Inspekta Elinami Kaaya, spana mkononi, jasho puani. “Mimi nimetoa upepo kwenye mafuso, kwenye matrekta, kwenye hayo magari yenu ya kituoni yanayokufa kila kukicha. Hii natoa upepo, unaingia upepo. Nafungua, nafunga, upepo! Hebu finya mwenyewe uone.”

Elinami alifinya mkono wa klachi. Ulilala mpaka kwenye usukani bila ubishi wowote, ukagoma kurudi.

Kwa asiyejua mambo haya, na Elinami mwenyewe alikuwa ameyajua asubuhi hiyo hiyo, bodaboda za kawaida klachi zake zinavutwa na waya, lakini hii kubwa ya kutembezea watalii ilitumia mafuta. Unafinya mkono, mafuta yanatoka kwenye kikopo cha usukanini, yanashuka kwenye bomba jembamba hadi kwenye injini, klachi inaachia, unaweka gia. Upepo ukiingia kwenye lile bomba, basi unafinya upepo tu, na klachi haiachii ng'o. Lazima upepo utoke wote. Na kazi hiyo ndiyo iliyomshinda fundi mkubwa wa Sakina mbele ya wauza mitumba na abiria wa Namanga, ambao hawakuwa na haraka ya kuondoka.

Elinami hakutaka kuiendesha. Alitaka kujua jambo moja tu: klachi ilikufa mikononi mwa mwenyewe, au iliuawa baadaye na mtu mwingine?

Mwenyewe alikuwa Tajeu Mollel, mwongoza watalii wa Sekei. Ijumaa moja aliaga nyumbani kwamba anapeleka wageni upande wa Longido. Wageni hawakuwapo, hilo Elinami aliligundua mapema. Jumatatu yake pikipiki ikakutwa Oldonyo Sambu, imeegemezwa kwenye ukuta wa duka kando ya barabara ya Nairobi, funguo hakuna, mtu hakuna. Tangu hapo, kimya. Mwenye duka, Mzee Yiamat, alieleza kwamba Ijumaa ile ile Tajeu alisimama dukani kwake akazungumza kwenye simu. Alimsikia kwa masikio yake akisema, “Madini yamevuja yote. Siwezi kurudi mjini hivi, nakuja huko.”

Basi! Ndani ya Arusha ukitaja madini, nani atafikiria kitu kingine? Mkuu wa upelelezi aliposoma maelezo yale alipiga meza kwa furaha. Tanzanite! Siri imevuja, jamaa amevuka mpaka, saa hizi anakula nyama choma Nairobi. Rekodi za simu zilishaombwa na hazijaja, lakini mkuu hakuona sababu ya kuzisubiri.

“Kesho asubuhi hilo jalada liende kwa wapelelezi wa magendo,” alisema. “Huyo siyo mtu aliyepotea. Huyo ni mtu anayetafutwa.”

Tofauti ya maneno hayo mawili Elinami aliijua vizuri. Aliyepotea, watu wanatoka kwenda kumtafuta makorongoni na hospitalini. Anayetafutwa, jina lake linapelekwa mpakani, halafu watu wanakaa kumsubiri apite. Kama Tajeu alikuwa amelala mahali fulani hawezi kuinuka, jalada likihama tu, hakuna atakayemwendea.

“Yule kaja tena,” Nelson alinong'ona.

Aliyekuwa akivuka barabara ni Magreth, mke wa Tajeu. Alikuwa mwanamke wa Kimeru, mwembamba, muuza miche ya maua kule Sekei, na udongo wa miche haukuwa umemtoka kwenye kucha. Tangu pikipiki iletwe gereji alikuja kila siku. Hakuuliza chochote. Aliweka kiganja kwenye kiti cha pikipiki, akasimama kidogo, akaenda zake. Mwanzoni Nelson alimfukuza kama anavyofukuza wachungulia kazi wote; siku hizi alikuwa akimwekea kigoda.

“Habari za kazi, afande.”

“Nzuri, dada Magreth. Pole na kusubiri.”

“Nitapoa wapi? Nimemkumbuka mpaka mwili unaniuma.” Alisema hivyo waziwazi, kama mtu anayemweleza daktari mahali malaria inapomkamata. Kisha akamtazama Nelson aliyekuwa ameinama kwenye injini. “Nikusaidie? Hiyo kazi ni ya watu wawili.”

“Mama, hapa pana mafuta, utachafuka.”

“Kwani nyumbani nilikuwa namshikia nani? Kaa chini na spana yako. Nikisema nimeshika, fungua nati.”

Wauza mitumba wakacheka. Magreth hakuwajali. Alisimama kushoto kwa usukani, akafinya mkono wa klachi, akaachia, akafinya, akaachia, kwa mwendo wa mtu aliyeifanya kazi hiyo Jumamosi nyingi nyuma ya nyumba yake. Kisha akaukandamiza mpaka mwisho.

“Nimeshika.”

Nelson akafungua nati. Mapovu yakatoka kwenye mpira mwembamba aliouchomeka hapo. Wakarudia. Mapovu tena. Wakarudia mara kadhaa, na kila mara mkono ulibaki laini vile vile. Magreth akaacha ghafla. Akafungua kifuniko cha kikopo, akachungulia ndani.

“Nelson, umeweka mafuta gani humu?”

“Ya breki. Mapya kabisa, chupa nimeifungua mbele za watu.”

“Mungu wangu! Umeiua. Hii hainywi mafuta ya breki. Hii inakunywa madini.”

Elinami alikuwa akipangusa vidole kwa kitambaa. Kitambaa kikabaki hewani.

“Inakunywa nini?”

“Madini, afande. Mafuta ya madini. Si imeandikwa hapa kwenye kifuniko kwa Kiingereza, mafuta ya madini tu, ya breki marufuku? Tajeu anayaita madini tangu siku aliyoinunua. ‘Magreth, niletee ile chupa ya madini.’ Ukitia ya breki, mipira ya ndani inavimba, haibani tena. Huyu hapa atatoa upepo mpaka Krismasi.”

“Hayo maandishi mimi niliyaona,” Nelson akajitetea. “Nikajua ni mbwembwe za Wazungu. Madini! Madini si yako migodini Mirerani?”

Kicheko kikaenea hadi ng'ambo ya barabara. Elinami hakucheka.

“Dada Magreth, nijibu taratibu. Tajeu akisema madini yamevuja, ana maana gani?”

“Ana maana klachi imekufa. Ana maana gani tena?” Akamkazia macho. “Alisema hivyo? Alimwambia nani?”

Elinami alikunja kile kitambaa. Maelezo ya Mzee Yiamat yalikuwa siri. Taratibu zilikataza kumwonyesha mke, kwa kuwa mke naye huenda alijua biashara ya mumewe. Kwa hiyo neno lilikaa limefungiwa kabatini, na mtu pekee wa kulifungua alikuwa akipita gereji kila siku, anashika kiti cha pikipiki na kwenda zake. Upelelezi gani huo?

“Nitakueleza,” alisema. “Nelson, mafuta uliyoyakuta humu uliyapeleka wapi?”

“Yako kwenye dumu lililokatwa, chini ya meza. Na haya ya breki niliyoyapitisha leo nimemwagia humo humo.”

Elinami alilivuta dumu, akalipeleka kwenye mwanga. Mafuta yalikuwa yamejigawa, hayakuchanganyika. Chini yalikaa ya manjano, ya breki. Juu yake yalielea mengine meupe, maangavu. Magreth alichuchumaa akayatazama.

“Haya ya juu siyo yetu. Madini ya Tajeu yana rangi ya bluu.”

Alichovya kidole, akanusa. Akanusa tena. Halafu akamnyooshea Elinami kidole anuse. Elinami, baba wa watoto watatu, hakuhitaji maabara.

“Mafuta ya mtoto,” alisema.

“Nilipoifungua, kikopo kilikuwa kimejaa hayo hayo mpaka juu,” Nelson alisema, safari hii bila kelele. “Bomba nalo limejaa upepo mtupu. Mtu alijaza, kutoa upepo kukamshinda. Harufu hiyo nilidhani ni ya mama anapokuja kushikashika.”

“Yanafaa kwenye klachi?” Elinami aliuliza.

“Ya kuvukia shida tu,” Magreth alijibu. “Ni madini yale yale yaliyotiwa marashi. Tajeu alikuwa anasema ukikwama porini, mtafute mama mwenye mtoto mchanga.” Alijifuta kidole kwenye khanga, akakifuta tena kilipokwisha kukauka. “Kwangu hayapo, afande. Kwangu hayajawahi kuhitajika.”

Nelson alijifanya anatafuta spana.

Elinami aliyapanga mambo kichwani. Klachi ilikufa mikononi mwa Tajeu mwenyewe, njiani. Mtu anayekimbilia Nairobi, amesimama kando ya barabara ya mabasi ya Nairobi, hana haja ya kuhangaikia klachi. Anapunga mkono, anapanda, anaondoka. Tajeu hakupunga mkono. Alikwenda kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, akaomba mafuta, akajaza kikopo. Alitaka pikipiki itembee. Na aliyesema “siwezi kurudi mjini hivi” alikuwa anataka kurudi mjini.

“Mtu mmoja anaweza kutoa upepo peke yake?”

“Kwa pikipiki hii? Mkono uko juu huku, nati iko chini kule. Atafunga mkono kwa mpira, atakimbia huku na huku, atachoka. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa namshikia.”

“Sasa huyo aliyempa mafuta, kwa nini hakumshikia?”

Elinami alichukua funguo zake. Alipofika kwenye gari, Magreth alikuwa ameshakaa kiti cha mbele.

“Dada Magreth, hii ni kazi ya polisi.”

“Na yule ni mume wangu. Nishushe, nipande basi la Namanga, nikawaulize mimi kabla yako.”

Elinami alimfikiria akigonga mlango baada ya mlango Oldonyo Sambu nzima, akiharibu kila ushahidi. Akawasha gari.

Walipita Ngaramtoni. Elinami alimweleza habari za simu ya dukani, yote, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Magreth alisikiliza huku akitazama mlima upande wa kulia, mawingu yamekaa kileleni.

“Kama yuko huko na mwanamke,” alisema hatimaye, “mimi nataka tu awe mzima. Nataka nimwone anaingia mlangoni anavua viatu. Mengine nitagombana naye mwenyewe.”

Mzee Yiamat aliwapokea kwenye kaunta yake akiwa na redio sikioni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umerudia yale madini?”

“Leo nimekuja kwa ajili ya mafuta ya mtoto.” Elinami alionyesha rafuni, kwenye chupa ya plastiki iliyosimama peke yake kati ya sabuni na viberiti. “Yale. Unamuuzia nani?”

“Yale ya maji, ya marashi? Hapa watoto tunawapaka samli, au haya ya mgando. Yale nayaleta kwa ajili ya Nashipae tu, binti wa huko juu. Ana mtoto mdogo. Alishakaa mjini huyo, ana mambo ya mjini.”

“Na yule mwenye pikipiki alikuwa anakwenda kwa Nashipae?”

“Kila mara.”

“Mzee! Mbona hukusema?”

Mzee Yiamat alizima redio, ameudhika kweli. “Mwanangu, uliniuliza madini. Mwanamke hukuniuliza.”

Elinami alifungua daftari. “Ile pikipiki ilifikaje ukutani kwako?”

“Sikuona. Jumapili tulikuwa kanisani, duka nimefunga. Jumatatu nafungua, naikuta.”

Elinami alitoka nje. Nyuma ya duka njia moja ya vumbi ilipanda kuelekea mlimani, kati ya mashamba ya maharage na maboma ya ng'ombe. Pikipiki nzito kama ile, klachi imekufa, mtu mmoja hawezi kuipandisha, lakini kuishusha anaweza. Aligeuka kumwita Magreth. Alikuwa ameshatangulia, anapanda njia kwa miguu, na ilibidi amfuate kwa gari na kumfungulia mlango.

Nyumba ilikuwa ya bati, imepakwa chokaa, na zizi la ndama ubavuni. Msichana mrefu alikuwa anaanika nguo, mtoto amefungwa mgongoni, usingizini. Alipoliona gari aliacha nguo kwenye beseni. Elinami alijitaja jina na kazi. Nashipae hakumsikiliza, alikuwa anamtazama mwanamke aliyeshuka upande wa pili.

“Wewe ni Magreth,” alisema. “Nakujua kwa picha. Iko kwenye simu yake.”

“Huyo mtoto ni wake?” Magreth aliuliza.

“Ni wake, dada.”

Magreth aliitikia kwa kichwa. Alishika ubao wa zizi, akabaki ameushika.

“Tajeu alikuja hapa Ijumaa?” Elinami akaingilia.

“Alikuja. Ni mimi aliyenipigia simu akiwa pale dukani. Klachi ilimfia njiani, akaja nayo gia moja hiyo hiyo, injini inalia. Madini yake yote yalikuwa yamevuja, nati ilikuwa imelegea.”

“Ukampa mafuta ya mtoto.”

“Chupa nzima.”

“Na upepo? Nani alimshikia mkono wa klachi?”

Nashipae alitia mikono kwenye beseni. Mtoto alijinyoosha mgongoni, akalala tena.

“Dada, usimjibu afande,” Magreth alisema. “Nijibu mimi.”

“Hakuna aliyemshikia.” Nashipae alijifuta povu la sabuni mikononi. “Jumamosi nzima alilala chali pale uani. ‘Nashipae, njoo unishikie kidogo tu.’ Nikamwambia nina mtoto. Jumapili akaniomba tena, karibu apige magoti. Alisema anarudi Sekei kukueleza ukweli mwenyewe, uso kwa uso, hataki ukasikie kwa watu. Nami nilijua akikuona harudi. Kwa sababu hata hapa ulikuwa naye! Anakula, anakutaja. Anamshika mtoto, anasema Magreth angefurahi. Sasa mimi nimshikie klachi ili aondoke? Nikakataa. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikamwacha na spana yake.”

“Kwa hiyo alikuwa anarudi,” Magreth alisema.

“Alikuwa anarudi.”

Magreth alifunika uso kwa khanga. Mabega yalimtikisika, na Elinami hakuweza kujua analia au anacheka, na pengine mwenyewe hakujua. Kwa muda wote ule alikuwa ameomba asikie neno hilo moja, na sasa alikuwa amelisikia kutoka kwa mtu ambaye hakutaka kabisa kulisema.

“Endelea,” Elinami alisema. “Ulifunga mlango. Yeye akafanya nini?”

“Akaisukuma hadi barabarani. Kabla hajaondoka aliniambia kupitia dirisha kwamba ataiacha dukani, atafute gari la kumfikisha mjini, akirudi aje na fundi. Sikumjibu. Nikaivunja laini yangu ili asije akanipigia kunipa habari zake na mkewe. Juzi juzi niliposikia askari wamekuja kuibeba pikipiki, nikasema ndiyo hivyo, mwenyewe kawatuma, hata kuja kuichukua hataki.”

“Na sasa yuko wapi?”

Nashipae alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi mchana. Kisha akamgeukia Magreth.

“Si yuko kwako?”

Khanga ilishuka usoni kwa Magreth.

“Kwangu?”

“Yuko kwako. Kila jioni nikikaa hapa najua anakula kwako. Nimekuchukia, dada, Mungu anisamehe. Nimekuchukia kwa sababu unamwona.”

“Hajafika,” Magreth alisema. “Nashipae, Tajeu hajafika nyumbani. Mimi nilikuja nikiamini yuko kwako.”

Mtoto aliamka akaanza kulia, na kwa kitambo hakuna aliyemtuliza. Nashipae alikuwa ameketi chini kando ya beseni. Magreth ndiye aliyeinama akalegeza mbeleko, akamtoa mtoto, akampa mama yake amnyonyeshe. Kisha akaketi hapo hapo chini, bega kwa bega naye.

Elinami alijua sasa kwamba jalada lote lilianzia mahali pasipo sahihi. Mtu aliondoka hapa Jumapili kwa miguu, akashuka hadi barabarani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtafuta, kwa kuwa kila aliyempenda alidhani amechukuliwa na mwenzake. Alichukua karatasi safi, akaandika juu kabisa: Mtu aliyepotea. Akaandika jina, umri, urefu. Akachuchumaa mbele ya wale wanawake wawili, na akauliza kwa sauti ya chini kuliko alivyozoea.

“Alikuwa amevaa nini?”

“Jaketi la kahawia,” walijibu wote wawili kwa pamoja.

“Mfuko wa kushoto umetoboka,” Magreth aliongeza haraka. “Nilimwahidi nitaushona.”

Nashipae aliinamisha kichwa juu ya mtoto.

“Nilishaushona,” alisema.

Elinami akaandika: jaketi la kahawia, mfuko wa kushoto umeshonwa.